NGURUWE ALALE NJAA USIKU MMOJA, SI SIKU TATU



Neno "kufunga" tunalijua sana. Mkristo anafunga kusudi aombe. Mchungaji anafunga mbuzi kwa kamba. Lakini mtu akisema "nguruwe afunge kabla ya kuchinjwa", watu wanacheka na kuuliza: nguruwe naye anaomba nini? Katika ukurasa huu sikuja kuchekesha. Nataka kutetea neno moja tu: nguruwe wa kuchinjwa asipewe chakula usiku wa mwisho, lakini apewe maji, na njaa hiyo isipite siku moja.

Anayemlisha mpaka asubuhi ya kisu anatupa chakula bure na kuhatarisha nyama. Anayemwacha siku mbili tatu bila kitu anapoteza nyama na kumtesa mnyama. Wote wawili wanakosa, na wote wawili wako wengi katika vijiji vyetu vya Kivu. Ndiyo maana naandika.

1. Chakula cha mwisho kinakwenda wapi?

Kuna watu wanaosema: "Mumuache ashibe, ni siku yake ya mwisho." Hao nawaheshimu, wanasema kwa huruma. Kuna wengine hawasemi kitu, ila wanajaza ndoo mbili: majani ya viazi, pumba, maganda ya muhogo, machicha ya pombe, na chumvi kidogo kusudi nguruwe anywe maji mengi. Hao wanangojea mnunuzi. Wanajua kwamba kwetu nguruwe anauzwa kwa macho. Tumbo likijaa, mnunuzi anaona nguruwe mkubwa.

Sasa tuulize masomo yetu ya biolojia. Chakula hakigeuki nyama kama vile maji yanavyogeuka mvuke. Kinakaa kwanza ndani ya tumbo kwa saa nyingi, kiisha kinapita katika utumbo mwembamba, ambao kwa nguruwe mkubwa una urefu wa zaidi ya mita 15, halafu utumbo mnene. Ile ndoo aliyopewa saa kumi na moja ya asubuhi, ukimfungua saa moja utaikuta karibu vile ilivyokuwa, majani na maganda yakionekana. Haikuongeza hata gramu moja ya nyama. Imetoka ndani ya ndoo, imeingia ndani ya tumbo, sasa inakwenda kwenye shimo la takataka. Ile ndoo ingeweza kulisha nguruwe wengine wanaobaki zizini.

2. Hesabu inayodanganya

Hapa naomba wale wasiopenda hesabu wavumilie, sababu ndipo penye siri.

Tuchukue mfano wa nguruwe wa kilo 80 akiwa ameshiba. Tunamchinja mara moja, tunatoa damu, matumbo na vyote vya ndani, tunatundika mwili. Tuseme unapima kilo 60. Gawanya 60 kwa 80: tunapata asilimia 75.

Sasa nguruwe yuleyule alale bila chakula kwa saa 16. Asubuhi anapima kilo 77, sababu ametoa mavi na mkojo, na tumbo limepungua. Tunamchinja. Mwili uliotundikwa ni kilo 60 zilezile. Gawanya 60 kwa 77: asilimia 78. Mtu anaweza kupiga kelele: "Kufunga kumeongeza nyama!" Hapana. Nyama haikuongezeka hata kidogo. Kilichopungua ni mavi.

Tuendelee. Mwache saa 48. Sasa anapima kilo 73, na mwili uliotundikwa ni kilo 58 na nusu. Gawanya: asilimia 80! Asilimia imepanda tena, lakini nyama imeshuka kwa kilo moja na nusu. Mchinjaji anayetazama asilimia peke yake atafurahi siku ambayo amepata hasara.

Mfano huu nimeupanga mimi kwa kufundishia, lakini haukutoka hewani. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza, kati yao P. D. Warriss, walipima jambo hili kwa mizani. Waliona kwamba nguruwe asiyekula anapoteza karibu asilimia 5 ya uzito wake kwa siku ya kwanza, na sehemu kubwa ya hiyo ni vitu vya tumboni. Lakini njaa ikiendelea, mwili wenyewe unaanza kuliwa. Ini ndilo linaanza kupungua, sababu ndilo ghala la sukari ya mwili. Kiisha nyama nayo inafuata, karibu kilo moja katika kilo elfu kwa kila saa. Inaonekana kitu kidogo, lakini hesabu saa 24 juu ya nguruwe kumi, utaona ni kilo ngapi zimekimbia.

Basi mpaka wetu uko wazi: kati ya saa 12 na saa 24 tangu chakula cha mwisho. Chini ya hapo tumbo bado limejaa. Juu ya hapo tunakula akiba yetu wenyewe.

3. Kisu na utumbo

Wengine watasema: mavi yabaki ndani au yatoke, si tutayatupa tu? Ndugu, muulizeni anayefungua tumbo. Tumbo lililojaa limevimba, linasukuma ngozi kutoka ndani, na kisu kikipita sentimita moja zaidi utumbo unapasuka. Hapo mavi yanamwagika juu ya nyama ya kiuno na mapaja, ile nyama nzuri kuliko zote. Ndani ya mavi hayo kuna vijidudu, kama Salmonella na Campylobacter, vinavyoleta kuhara na homa. Wengi wanachota maji ya ndoo moja na kuosha mwili mzima kwa kitambaa kimoja. Wanafikiri wamesafisha. Kumbe wamechukua uchafu wa mahali pamoja na kuupaka mahali pote, na nyama iliyolowa maji inaoza upesi. Huku kwetu hakuna friji kwa wachinjaji wengi. Nyama inatundikwa juu ya mti, jua linapanda, nzi wanakuja. Nyama iliyoanza siku ikiwa chafu haitafika jioni.

Tusisahau tena mama na watoto wanaotumwa kuosha matumbo kwenye kijito. Nguruwe aliyeshiba anawapa kazi ya saa nzima, na kilo nyingi za mavi zinakwenda na maji. Chini ya kijito kuna mtu mwingine anachota maji ya kunywa. Usiku mmoja wa kufunga unapunguza mzigo wa hao wote.

Na kama nguruwe anatoka mbali, tumbo lililojaa ni hatari kwa uhai wake. Nguruwe hatoi jasho vya kutosha kama sisi. Joto likimpata, tena tumbo likisukuma mapafu na moyo, anatapika, anahema, na wengine wanakufa njiani. Mtazame yule aliyefungwa miguu, amelazwa juu ya pikipiki saa sita za mchana. Mwenye mali alimshibisha kusudi apate bei, sasa anafika sokoni na maiti.

4. Nyama nyeupe na nyama nyeusi

Tuingie sasa ndani ya nyama yenyewe, sababu hapa wengi hawajui kwamba siku ya mwisho ya mnyama inaonekana katika sahani.

Nyama ya mnyama mzima inatunza sukari inayoitwa glikojeni. Mnyama akiisha kufa, sukari hiyo inageuka asidi. Asidi hii ni rafiki yetu. Kipimo cha pH kinashuka polepole kutoka karibu 7 mpaka karibu 5.5 au 5.7, nyama inapata rangi nzuri ya waridi, na vijidudu haviipendi sana. Huo ndio mwendo mzuri.

Lakini kuna njia mbili za kuharibu. Ya kwanza: nguruwe anafukuzwa, anapigwa fimbo, anavutwa masikio, anapiga kelele, kiisha anachinjwa palepale akiwa bado na joto la hofu. Asidi inakuja upesi kupita kiasi, nyama ikiwa bado ya moto. Nyama hiyo inakuwa nyeupe, laini, inatoa maji. Unanunua kilo moja, unafika nyumbani na maji ndani ya mfuko. Ukikaanga inajikunja na kubaki kidogo. Nguruwe wa kizungu wa jamii fulani, kama Piétrain ya Ubelgiji, wanajulikana sana kwa ugonjwa huo, lakini hata mwingine anaweza kuupata akisumbuliwa.

Njia ya pili ni kinyume: nguruwe amesafiri mbali, amepigana na wenzake, amekaa siku mbili bila chakula. Sukari yake yote imekwisha kabla ya kisu. Akifa, hakuna kitu cha kugeuka asidi. pH inabaki juu ya 6. Nyama inakuwa nyeusi, ngumu, kavu juu kama gundi. Nyama hiyo inaoza upesi kuliko nyingine. Mteja anasema "hii ni nguruwe mzee", lakini mara nyingi si uzee, ni uchovu na njaa.

Basi usiku mmoja wa kufunga uko katikati. Unapunguza sukari kidogo tu, kwa hiyo nyama haitoi maji mengi, na akiba inabaki ya kutosha kwa asidi nzuri. Lakini kufunga peke yake hakutoshi. Ukimfungisha vizuri usiku na kumpiga asubuhi, umejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mkono mwingine.

5. Majibu kwa wanaobisha

Wa kwanza anasema: "Kumnyima mnyama chakula ni ukatili." Neno hili si la kuchezea. Lakini tupime. Nguruwe aliyekula saa kumi na moja ya jioni, akalala penye kivuli na maji, akachinjwa saa moja au saa mbili ya asubuhi, amekaa saa 14 au 15 bila kula. Sisi wenyewe tukila chakula cha jioni, tukaja masomoni bila chai, tunakaribia saa hizo. Ukatili ni ule mwingine: kamba mguuni tangu Alhamisi mpaka Jumamosi, bila hata tone la maji. Hata katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria yao ya mwaka 2009 juu ya machinjo inataka mnyama apate maji, na kama hachinjwi ndani ya saa 12 tangu afike machinjioni, apewe chakula. Mpaka wa njaa ndio tofauti kati ya kazi na mateso.

Wa pili, mwuzaji, anasema: "Mimi nitapoteza. Nguruwe yangu ikikonda tumbo, mnunuzi atapunguza franka." Papa huyu anasema kweli, na ndiyo shida kubwa kuliko zote. Tukimfundisha biolojia bila kubadilisha namna ya kuuza, hatatusikia, na ana haki. Kama bei inatoka katika tumbo, atajaza tumbo. Kwa hiyo dawa ni kuhamisha bei. Bei itoke katika nyama iliyotundikwa, ikipimwa mbele ya mwuzaji na mnunuzi. Mwuzaji asimame pale mpaka mwisho, mnunuzi asimfukuze.

Na kama hakuna mizani? Iko njia ya kamba ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa mita. Pima tena urefu wa mgongo tangu katikati ya masikio mpaka shina la mkia. Zidisha kifua kwa kifua, kiisha kwa urefu, kiisha kwa 69.3. Mfano: kifua mita 1, urefu mita 1.10, tunapata karibu kilo 76. Si mizani, lakini kamba inapita kifuani, haipiti tumboni. Ndoo mbili za asubuhi haziwezi kuidanganya sana.

Wa tatu anasema: "Nguruwe yangu imekataa kula yenyewe tangu jana, basi imekwisha kufunga, tuichinje." Hapa nasema hapana kwa sauti kubwa! Nguruwe anayefunga ni mzima na ana hamu ya kula. Sisi ndio tumemzuia. Nguruwe anayekataa chakula ni mgonjwa. Homa ya nguruwe ya Afrika imemaliza mazizi mengi huku kwetu, na haina dawa ya kuitibu. Mtu haupati ugonjwa huo, lakini vipande vya nyama na maji ya kuoshea vinaupeleka kwa nguruwe wa jirani. Anayeuza nyama hiyo upesi upesi kusudi asipoteze anawapotezea kijiji kizima. Huyo amwite veterineri.

Na jambo lingine: kufunga hakuondoi minyoo ile inayokaa ndani ya nyama kama punje za mchele. Hiyo inaondolewa na choo kinachotumiwa na watu wote, na nguruwe asiyezunguka ovyo, na nyama iliyopikwa mpaka ndani. Tusiupe usiku mmoja sifa usizostahili.

6. Tunaomba nini?

Tunaomba mambo machache ambayo hayahitaji fedha:

(a) Siku moja kabla ya kuchinja, nguruwe apate chakula chake cha kawaida na cha mwisho jioni, karibu saa kumi na moja. Asizidishiwe.

(b) Baada ya hapo aondolewe majani, maganda na nyasi za kulalia anazoweza kutafuna. Watoto wasimtupie ndizi. Anayezunguka kijijini afungiwe ndani. Kama sivyo, atajilisha mwenyewe usiku kucha.

(c) Maji yawepo mpaka asubuhi. Neno hili lisisahauliwe: kufunga kwa nguruwe ni chakula, si maji.

(d) Asichanganywe na nguruwe wageni. Wenye njaa wasiojuana wanapigana, na alama za meno zinabaki katika ngozi na nyama.

(e) Kama anatoka mbali, saa za njiani zihesabiwe pamoja na saa za kufunga. Mnunuzi amwulize mwuzaji: "Papa, amekula saa ngapi?" Kama ni jana asubuhi na kuchinja ni kesho, amlishe kidogo leo jioni, ampumzishe, kiisha aanze hesabu upya.

(f) Wakati wa kufungua tumbo, mwisho wa utumbo ufungwe kwa kamba kwanza, na kisu kipite juu juu. Tumbo likiwa tupu, kazi hii inaweza kufanywa bila haraka.

(g) Shule na parokia zenye mazizi zianze kuandika katika daftari: saa ya chakula cha mwisho, uzito kabla, uzito wa mwili uliotundikwa. Daftari moja na bik moja vinatosha. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na hesabu zetu wenyewe, za nguruwe wetu na chakula chetu. Hesabu nilizotoa juu zilitoka kwa nguruwe wa kizungu waliolishwa nafaka. Wetu wanakula majani mengi, na matumbo yao ni makubwa. Hapo wanafunzi wa seksio ya veterineri wataonyesha kama wanasoma kwa ajili ya mtihani tu, au kwa ajili ya kijiji.

Ndugu wasomaji, najua kuna watakaosema kwamba mambo ya tumbo la nguruwe si mambo ya kuandika katika gazeti la wanafunzi. Lakini nguruwe mmoja ni karo ya mtoto, ni dawa ya mama, ni sahani ya sikukuu. Anayepoteza kilo moja na nusu kwa kutojua amepoteza kitu ambacho mtu mwingine alitafutia majani mvuani kwa miezi minane. Na anayeuza mavi kwa bei ya nyama amemwibia jirani yake, hata kama hakuna polisi atakayemkamata.

Anayekataa maneno haya na achukue kalamu, atujibu katika gazeti lijalo. Ila atujibu na mizani mkononi.

Mwanafunzi wa seksio ya Veterineri